Kukopi mchoro sio wizi, waacheni wanafunzi wajifunze

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwajibu wale wanaosema mtu anayejifunza kuchora kwa kukopi kazi ya msanii mwingine ni mvivu au mwizi. Maneno haya yanawakatisha tamaa vijana wengi na mi nayapinga kabisa.

Mimi najifunza rangi za mafuta kwa kunakili ule mchoro wa saa zilizoyeyuka aliouchora msanii wa Hispania Salvador Dalí mwaka 1931. Wengi wakiuona kwenye picha wanadhani ni likanvasi likubwa la kujaa ukuta, kumbe ni sm 24 kwa 33 tu, na kila kitu kimo humo, bahari, majabali, sisimizi juu ya ile saa ya rangi ya chungwa, hadi nzi mmoja. Sasa mtu aje aniambie hiyo ni kazi ya mvivu!

Kwanini surealizimu, yaani sanaa ya kuchora mambo ya ajabu kama ya ndotoni, na sio bakuli la matunda? Kwa sababu chungwa unalijua tayari, mkono unachora lile la kichwani na macho hayafanyi kazi. Lakini saa iliyolegea ikaning'inia kwenye tawi hujawahi kuiona popote, huna cha kukumbuka, kwahiyo inabidi uangalie kweli kweli, kivuli kinaanzia wapi, mwanga unapiga ukingo upi, namba zinapindaje pale saa inapokunjika. Dalí alichora kitu kisichowezekana kwa ufundi ule ule wa mabwana wa zamani, yaani wachoraji mahiri wa kale, na ukikosea kivuli kidogo tu saa hailegei tena, inakuwa sahani iliyopinda.

Alafu kuna anga. Chini njano, juu bluu, ukizichanganya ovyo unapata kijani, kwahiyo unajifunza kupitisha rangi nyembamba, unasubiri, unapitisha tena. Na mafuta hayakauki kama maji, yanakauka kwa kushika oksijeni ya hewani, ndio maana tabaka la chini linawekwa tapentaini (kimiminika cha kuzimulia rangi) zaidi na la juu mafuta zaidi, ukigeuza huo mpangilio la juu linakauka mapema na baadae linapasuka. Unaweza kuyasoma haya yote, ila mkono haujui mpaka ufanye.

Na hao mabwana wenyewe walikopi. Mchoraji Van Gogh alinakili sana kazi za mchoraji Millet, na Dalí mwenyewe mwaka 1955, akiwa ameshakuwa maarufu dunia nzima, aliomba ruhusa akaingia Louvre, jumba la makumbusho la Paris, kunakili mchoro wa Vermeer, mchoraji wa zamani wa Uholanzi. Pale Louvre wanaonakili wapo tangu 1793, ila kwa masharti, nakala isilingane saizi na mchoro wa asili na sahihi ya msanii usiiweke.

Hapo ndipo penye mpaka wa wizi, jamani. Dalí alifariki 1989, kazi zake bado zina haki miliki nchi nyingi, kwahiyo nakala ya kujifunzia usiiuze na usijifanye wewe ndio uliyebuni. Nyuma ya kanvasi yangu nimeandika kwa herufi kubwa kwamba ni nakala na ya kazi ya nani.

Walimu wa sanaa mnaosoma gazeti hili nawaomba, mwanafunzi akija na nakala msimfokee, muulizeni tu ile rangi ya kivuli ameipataje.

Msomaji wenu