Barua ya malalamiko: programu yenu ya mikutano ya video inakata sauti na kuacha picha

Kitengo cha TEHAMA na Ufundishaji Mtandaoni

Kwa: Mkuu wa Huduma kwa Wateja

Ndugu,

YAH: KUKATIKA KWA SAUTI KATIKA MIHADHARA NA KASORO NYINGINE ZA TOLEO JIPYA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tangu mtoe toleo jipya la programu yenu, intaneti ikipungua kinachokatika ni sauti, huku picha ya mhadhiri ikiendelea kuonekana. Kwa darasa hiyo ni kinyume kabisa cha inavyotakiwa. Mwanafunzi anaweza kufuata mhadhara bila kuona uso wa mtu, lakini bila kusikia hafuati chochote.

Dawati lenu la msaada lina jibu moja tu: "Pimeni kasi ya intaneti yenu." Tumepima. Kipimo cha kasi hufungua miunganisho mingi kwa mpigo na kuonyesha kiwango kilichofikiwa kwa sekunde chache. Hakisemi lolote kuhusu pakiti (vipande vidogo vya data) zinazopotea katikati ya kipindi cha saa mbili. Isitoshe, wengi husoma namba ya kupakua tu. Mtu anaweza kuwa na megabiti 20 za kupakua na bado asisikike, kwa kuwa sauti yake inatoka kwa njia ya kupakia.

Sauti yenyewe haihitaji kikubwa. Kodeki ya Opus, yaani mfumo wa kubana sauti, ambayo nyaraka zenu zinasema mnaitumia, hutoa maneno yanayosikika vizuri kwa kilobiti 32 kwa sekunde. Ikitumwa katika pakiti za milisekunde 20, zinakuwa pakiti 50 kila sekunde, na kila moja hubeba baiti 40 za vichwa vya IPv4, UDP na RTP (maelezo ya mtandao yanayotangulia sauti), yaani kilobiti 16 zaidi. Jumla ni kilobiti 48, ambazo kwa mhadhara wa saa mbili hazizidi megabaiti 44. Picha ya kilobiti 1,500 kwa sekunde hula megabaiti 1,350 kwa muda huohuo. Njia ikibana, ni wazi nani wa kupisha.

Kosa linajirudia kirahisi, na mafundi wenu wanaweza kulijaribu leo. Baneni upande wa kupakia wa kompyuta ya mwenyeji wa mkutano hadi kilobiti 256 kwa sekunde. Washeni kamera, shirikini skrini yenye slaidi, kisha mtu ahesabu kwa sauti kutoka moja hadi hamsini. Katika toleo la zamani picha ilishuka kutoka mistari 720 hadi 360, ikaenda 180, ikazimika, na namba zote zikasikika. Katika toleo jipya picha inang'ang'ania 360. Foleni inajaa kwenye ruta, pakiti za sauti zinasubiri nyuma ya zile za picha, na "thelathini na mbili" inamfikia msikilizaji kama "the… mbili". Pendekezo la ITU-T G.114, la chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 400 hata mtandao ukiwa mgumu, na mazungumzo huwa ya raha chini ya 150. Foleni ikijaa, kikomo hicho kinavukwa. Ndipo kwenye semina watu wanaanza kudakiana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza.

Zaidi ya hapo, toleo jipya limeacha kutia alama ya DSCP 46, inayoonyesha pakiti ya kupewa kipaumbele, kwenye pakiti za sauti. Swichi zetu zimepangwa kuipitisha sauti kwanza, lakini sasa kila pakiti inatoka na alama 0, kwa hiyo hazina cha kutambua.

Jambo la pili ni UDP, njia ya kutuma pakiti bila kusubiri zilizopotea. Programu inaijaribu mara moja tu, pale mtu anapojiunga. Kwenye Wi-Fi inayodai kuingia kwa nywila kupitia ukurasa wa kivinjari, jaribio hilo linashindwa kabla mtu hajamaliza kuandika nywila, na programu inahamia TCP kwenye mlango wa 443 hadi mwisho wa kipindi, bila kumwambia mtu. TCP haiachi pakiti iliyopotea: inaiagiza tena, na zote zilizofuata zinashikiliwa mpaka ifike. Kwa faili ni sawa. Kwa mazungumzo ni kimya, kisha maneno yanamwagika kwa pamoja. Dawa ya sasa ni kutoka kwenye mkutano na kujiunga upya, jambo ambalo hakuna mwanafunzi atakayelikisia kwa akili zake. Jaribuni UDP tena kila baada ya dakika chache, na muonyeshe kwenye skrini ni njia gani inatumika.

Kichuja kelele nacho kinajiwasha upya baada ya kila sasisho, hata msimamizi akiwa amekizima kwa chuo kizima. Kwenye somo la muziki kinakata mwangwi wa noti ndefu kana kwamba ni feni. Kwenye fonetiki ndiyo balaa: konsonanti za vidoko (sauti za kugonga ulimi), kama zile za Kizulu na Kixhosa, zinachukuliwa kuwa mlio wa kibodi na kufutwa. Mwalimu anatamka, darasa linasikia irabu tu.

Lakini lililo zito kuliko yote ni la usiri. Katika utetezi wa tasnifu, mtahiniwa hurudishwa chumba cha kusubiria ili wajumbe wajadili alama. Akiingizwa tena, programu inampakulia ujumbe wote ulioandikwa kwa "wote" wakati hayupo. Mwenyeji hana kitufe cha kuufuta wala cha kuzuia. Kwa sasa tumewaagiza wajumbe wafungue mkutano wa pili wenye kiungo tofauti kwa ajili ya majadiliano. Hatukulipia leseni za mwaka ili tufanye hivyo.

Taarifa ya mahudhurio pia inamhesabu aliyekatika na kurudi kama mtu mpya. Hilo tunaweza kulivumilia kidogo, mengine hapana.

Tunadai, ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii: msimamizi aweze kufunga mpangilio wa sauti kwanza, slaidi pili, uso mwisho, alama za DSCP zirudishwe, uchaguzi wa msimamizi kuhusu kichuja kelele uheshimiwe baada ya sasisho, na ujumbe wa wakati wa faragha usimfikie aliyetolewa. Hili la mwisho halisubiri siku 30. Litengenezeni sasa, au mtupe njia ya kurudi kwenye toleo la zamani wakati mnalitengeneza.

Kumbukumbu za pakiti za jaribio la kilobiti 256, kwa matoleo yote mawili, zimeambatishwa. Tunaomba zisomwe na mhandisi wa sauti, si dawati la msaada. Muda huo ukipita bila jibu la maandishi, tutaomba kurejeshewa ada ya leseni kwa miezi iliyobaki na hatutahuisha mkataba.

Wenu,

Mkuu wa Kitengo
Kitengo cha TEHAMA na Ufundishaji Mtandaoni