Bawabu na mpishi wa shule nao wamulikwe

Mhariri,

Kila Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) inapotangaza walimu iliowafuta kwenye sajili, sisi wazazi hushusha pumzi. Tunasahau kwamba shule si walimu pekee. Kuna bawabu, mpishi, dereva wa basi, na yule anayeshika funguo za bweni usiku.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikuwasahau. Kifungu cha 24 kinamtaja mwalimu mkuu, mwalimu na mfanyakazi wa shule anayetumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi kimapenzi. Kifungo chake hakipungui miaka 10.

Tatizo ni kwamba bawabu si wa TSC. Huajiriwa na bodi ya shule, na akitimuliwa leo kwa ufisi wake jina lake haliingii kwenye sajili ile. Wiki ijayo atabisha lango la shule nyingine akiwa na barua safi. Na mara ngapi kesi hizi hata hazifiki polisi? Wazee hukaa chini ya mti, mbuzi hutolewa, yanaisha. Mtoto mwenyewe haulizwi.

Wizara ya Elimu ianzishe sajili ya wafanyakazi wasio walimu, na bodi zidai cheti cha tabia njema kabla ya kumwajiri yeyote, hata kama ni shemeji wa mwenyekiti.

Kwa sasa, mzazi mwenzangu, mfundishe mwanao namba 116 ya kusaidia watoto. Haitozwi hata senti.

Mzazi,
Voi, Taita Taveta