Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Manispaa ya Kigoma Ujiji: Betri Zinazoyeyushwa Karibu na Watoto

Ndugu Mganga Mkuu,

Kwa heshima, naomba nikufikishie jambo ninaloliona karibu kila wiki katika mtaa mmoja unaopakana na mwalo. Betri chakavu za magari, za sola na za taa za kuvulia dagaa hupasuliwa kwa shoka, tindikali ikamwagwa chini, kisha risasi iliyomo (yaani madini ya “lead”, si ya bunduki) ikayeyushwa juu ya mkaa na kumiminwa kuwa vizito vya nyavu. Sufuria inayotumika nimeiona ikisuguliwa kwa mchanga na kurudishwa jikoni.

Siwachukii mafundi hao. Kazi hiyo inawalisha, na watoto wanaovuta moshi wake ni wa kwao wenyewe. Neno lenyewe linatupoteza, kwani mama akiambiwa damu ya mwanawe ina risasi atatafuta jeraha. Jeraha hakuna. Mtoto mdogo, anayetambaa kwenye vumbi na kulamba vidole, hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na mwili huipokea kama kalsiamu, ukaiweka mifupani, ambako hukaa miaka mingi na akiwa ni binti, siku atakapobeba mimba, ndipo itoke tena imfikie aliye tumboni. Maumivu ya tumbo, upungufu wa damu na uzito wa kushika masomo sisi huviita minyoo, malaria au utundu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dawa za kuipunguza mwilini zipo, lakini ubongo ulioharibika haziurudishi.

Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mamia ya watoto walikufa kwa risasi iliyokuwa katika vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, Kenya, risasi iliyowadhuru watu ilitoka kwenye betri, kama kwetu.

Naomba watoto wa mtaa huo wapimwe damu, udongo wao upimwe, na uyeyushaji uhamishwe mbali na makazi badala ya kupigwa marufuku tu, maana marufuku pekee itauhamishia uani, usiku. Wauguzi nao, siku za kupima uzito, wawaulize akina mama kama nyumbani kuna kazi ya betri.

Maafisa wako wakija, nitawapeleka mahali penyewe. Waje asubuhi, kabla moto haujazimwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, mkazi wa Kigoma