Anayetoka likizo apewe nusu siku ya makabidhiano

Mhariri naomba nafasi kidogo niongee na mabosi, na wafanyakazi wenzangu pia.

Mi ni mtunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Mwaka jana likizo nilienda nyumbani Moshi, Desemba huwezi kumwacha mama peke yake, nikakaa hadi siku ya mwisho kabisa. Basi limetushusha Mbezi saa sita usiku, nafika Mbagala saa nane, saa moja na nusu asubuhi niko stoo macho mekundu. Aliyenishikia kazi kashahamishiwa tawi lingine, ankara zimerundikana mezani hata tarehe hazijapangwa, nje lori linapiga honi. Ankara imeandikwa bati geji 30, mi nikatoa geji 28, ambayo ni nene na bei yake iko juu, lori likaenda zake Bagamoyo na mteja akapokea kimya. Ile tofauti nimekatwa kwenye mshahara miezi mitatu, na Januari hiyohiyo ada ya mtoto inadaiwa.

Kosa langu sikatai, ila yule aliyeingia stoo asubuhi ile hakuwa mtu wa kukabidhiwa mzigo.

Sheria ya ajira ya 2004 inatupa siku 28 mfululizo, sikukuu zimo humohumo, ndo maana watu tunazinyonya mpaka tone la mwisho. Na mwajiri haruhusiwi kukufanyisha kazi ukiwa likizo, lakini jamani simu tunazopigiwa! Kufuli la stoo ndogo liko wapi, fulani kalipa au bado, yani uko shambani unakata mgomba unajibu mambo ya stoo.

Safari hii kabla sijaondoka niliandika kila kitu kwenye karatasi mbili, simu zikapungua sana. Nikarudi Dar siku tatu kabla, nikapanga kuanza kazi Alhamisi ili wiki ya kwanza iwe fupi, halafu nikamwomba bosi mzigo usitoke mpaka saa sita mchana. Kakubali. Tukahesabu stoo na mwenzangu mstari kwa mstari, tukakuta mifuko 12 ya saruji imeganda kwa unyevu, tukaandika tukasaini wote wawili. Mchana nikafungua geti.

Mabosi, hiyo nusu siku ndo ninayoomba muwape na wengine, hasa Januari hii wakianza kurudi.

Mtunza stoo,
Mbagala, Dar es Salaam