Hilton Smith mmemwacha wapi?

Mhariri, salaam. Nimesoma makala yenu ya besiboli ya watu weusi Marekani enzi za ubaguzi, nzuri sina neno, ila ukurasa mzima ni Satchel Paige, Satchel Paige, kana kwamba pale kwenye timu ya weusi ya Kansas City Monarchs alikuwa anarusha mpira peke yake. Hilton Smith mmemwacha wapi jamani?

Huyu jamaa ni mzaliwa wa Giddings, Texas, 1907, akaingia Monarchs 1936 akakaa mpaka 1948. Kuanzia 1937 hadi 1942 hakukosa hata mwaka mmoja kuitwa kwenye mechi ya mastaa, ile ya East-West. Mpira wake ulikuwa unakuja vizuri tu afu unapinda ghafla, mwenye gongo anapiga hewa. Na akishika gongo mwenyewe alikuwa anapiga kwelikweli, kitu ambacho warusha mpira wengi hawakiwezi.

Shida ilikuwa biashara. Watu wanalipa kiingilio wamwone Paige, kila mji unamtaka yeye, na bega la mtu haliwezi kurusha raundi zote tisa za mechi kila siku, kwahiyo wakafanya hivi, Paige anaanza raundi tatu, uwanja unapiga kelele, roho zinatulia, afu anatoka anaingia Smith anamalizia sita zilizobaki. Pigeni hesabu wenyewe nani kafanya kazi kubwa hapo! Lakini jina kwenye tangazo ni la Paige, na Smith akabaki kujulikana kama msaidizi wa Satchel, yani umelima shamba zima unaitwa kibarua wa mwenye jembe.

Paige alikuwa mkali, sibishi, mtu kaingia ligi kuu na timu ya Cleveland 1948 akiwa na miaka 42. Ila yeye aliingizwa Cooperstown, kwenye jumba la magwiji, mwaka 1971 akiwa hai. Smith aliingizwa 2001, na alishafariki tangu 1983. Miaka 18 yuko kaburini ndo wanamkumbuka.

Halafu mmeandika kwamba Jackie Robinson, yule mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu, "alipatikana" Monarchs mwaka 1945, miaka miwili kabla ya kuichezea Brooklyn Dodgers. Alipatikanaje, aliokotwa? Smith ndiye aliyempigia debe kwa mwenye timu, J. L. Wilkinson, mpaka akachukuliwa. Naomba toleo lijalo mumpe hata nusu ukurasa, na picha yake iwekwe, ya Paige tumeshaiona.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam