Barua ya wazi kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani: kereng'ende wa Mto Zigi wasihesabiwe kama magunia

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WAJITOLEA WA KUHESABU KERENG'ENDE KATIKA VIJITO VYA ZIGI

Jiji la Tanga linakunywa maji ya Mto Zigi, na Zigi unaanzia kwenye vijito vya msituni Usambara Mashariki. Tunaomba bodi iruhusu wajitolea wahesabu kereng'ende (mdudu, si yule ndege wa jamii ya kwale) kwenye vijito hivyo kila mwaka, na hesabu hiyo isomwe pamoja na vipimo vya maabara. Chupa ya sampuli inaeleza maji ya saa ile ilipochotwa. Lava wa kereng'ende, yaani mtoto wake asiye na mbawa, hukaa majini wiki kadhaa, na wa aina nyingine hupitisha mwaka. Tope likipita usiku wa Jumanne, chupa ya Ijumaa hailioni. Lava yeye tope limemkuta palepale kati ya kokoto.

Tuna ombi moja kabla fomu ya kuhesabia haijachapwa: "jumla ya aina" isifanywe alama ya mto. Kijito chenye kivuli kizito kina aina chache kwa asili yake. Miti ya kingo ikikatwa na jua likaingia, wanahamia kereng'ende wa mabwawani na mashambani, wale wasiochagua pa kukaa. Orodha inarefuka wakati msitu unapungua, na anayesoma jumla peke yake atapongeza uharibifu. Katika vijito hivi anaishi Amanipodagrion gilliesi, kereng'ende mwembamba aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1962. Ni aina pekee katika jenasi yake (kundi la aina za karibu), hajulikani nje ya Usambara Mashariki, na amewekwa daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Akikosekana huyo, kumi wa dimbwini hawafidii.

Njia ya kusoma majina ipo tayari. Kipimo kilichoanzia Afrika Kusini na baadaye kupanuliwa kwa bara zima humpa kila kereng'ende alama 0 hadi 9 (kubwa ni ya aina adimu na nyeti), kutokana na vigezo vitatu vya alama 0 hadi 3 kila kimoja: eneo anamopatikana, hatari ya kutoweka, na anavyoathirika makazi yakibadilika. Alama za aina zote zilizoonekana hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya aina. Tuchukue mfano wa kubuni: kijito chenye aina 4 za alama 8, 6, 5 na 3 kinapata 5.5. Baada ya miti kukatwa zinaonekana aina 9 zenye jumla ya alama 14, na wastani unashuka hadi 1.6.

Kazi yenyewe ni ya watu wawili. Mmoja anatazama, mwingine anaandika kwa penseli, maana wino hauvumilii manyunyu. Wanapima mita 100 za kijito na kuzifunga alama, kisha wanatembea taratibu kwa nusu saa, wakihesabu walio mbele yao tu, mita 5, bila kugeuka nyuma. Kereng'ende dume hulinda kipande chake cha maji. Ukimkurupusha anazunguka na kurudi kijiti kilekile, na mwenye papara humwandika mara tatu. Majike huja majini zaidi kwa kupandana na kutaga, hivyo wachache wao kwenye fomu si ajabu. Muda mzuri ni saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, jua likiwaka na upepo ukiwa mdogo, kati ya Novemba na Mei. Chini ya mwavuli wa msitu wengine husubiri mpaka mwali wa jua uguse jiwe, kwa hiyo wingu likifunika, saa isimame na watu wakae.

Kumwona mdudu akiruka hakuthibitishi kwamba amezaliwa hapo. Uthibitisho ni jike anayetaga, au mdudu mpya mwenye mbawa laini zinazometa (huyo asishikwe, zinakunjika na hazinyooki tena), au ganda tupu ambalo lava ameliacha kwenye jani au mwamba. Maganda yawekwe kwenye bahasha ya karatasi. Ndani ya mfuko wa plastiki yanaota ukungu. Picha ziwe mbili: ubavu wa kifua, na ncha ya mkia kutoka juu, kwa sababu vishikizi vya dume pale nchani ndivyo vinavyotenganisha aina zinazofanana rangi.

Makosa yanayoharibu takwimu ni ya kawaida kabisa. Mtu anaandika "saa 4", kompyuta inasoma alfajiri, na fomu inaonyesha kereng'ende wanaoruka gizani, iandikwe 10:00. Ramani zetu za zamani zinatumia Arc 1960 na simu zinatumia WGS84, mifumo miwili tofauti ya kuandika mahali: ukichanganya, kituo kinahama takriban mita 300, yaani kutoka msituni hadi shamba la mtu. Halafu kuna Pantala flavescens, msafiri anayevuka Bahari ya Hindi na kutua kwa mamia wakati wa mvua. Aandikwe, ila asiingie kwenye wastani. Wingi wake unaeleza pepo za msimu, hausemi kitu kuhusu Zigi. Na kijito kisicho na kereng'ende kiandikwe 0. Fomu tupu ikitupwa, hakuna atakayejua kama watu walifika.

Tunachoomba kwenu ni barua moja ya kibali ya mwaka mzima, nakala kwa maafisa watendaji wa vijiji na kwa walinzi wa hifadhi, ili wenye vyavu na darubini wasidhaniwe wachimba dhahabu. Vyavu vitumike tu pale picha isipotosheleza, na mdudu aachiwe palepale. Fomu iongezewe mstari wa asilimia ya kivuli juu ya maji, na mwingine unaouliza kama kuna kilimo ndani ya mita 60 zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mistari hiyo miwili ndiyo itakayomwambia afisa wenu aende kijito gani kwanza alama ikishuka.

Wajitolea wa kuhesabu kereng'ende