Salamu za Krismasi kutoka kona isiyo na taa

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio nyumbani na mlio ughaibuni,

Krismasi njema kwenu nyote. Nawaandikia kutoka London. Ni saa kumi na moja jioni na giza limeingia kitambo, ndivyo Desemba ya huku ilivyo. Mwaka huu kona ya mtaa wetu haina taa. Baa iliyokuwa pale imefungwa, madirisha yamepigiliwa mbao, na kile chuma kilichokuwa kinaning'iniza kibao cha jina kimebaki kinatazama barabara bila kibao.

Huenda mtajiuliza kwa nini salamu za kuzaliwa Mwokozi nazianzia baa. Waingereza wanaposema "pub" wanafupisha maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote, na ile ya kwetu ilikuwa hivyo kweli. Krismasi yangu ya kwanza huku sikuwa na ndugu wala rafiki. Siku hiyo London hakuna basi wala treni inayotembea, kwa hiyo unafika pale tu miguu inapokufikisha. Yangu ilifika konani. Baa ilifunguliwa saa sita mchana, kwa saa chache tu kabla watu hawajaenda kula na familia zao. Niliagiza juisi ya machungwa nikasimama karibu na moto. Mzee mmoja akaondoa koti lake juu ya kiti cha pembeni yake, akakipigapiga kwa kiganja, akasema, "Kaa." Hakuniuliza natoka wapi. Tangu siku ile kiti kile kilikuwa changu kila Krismasi, na yule mzee aliendelea kuweka koti juu yake mpaka niingie. Kafariki miaka mitatu kabla baa haijafungwa, na nashukuru hakuiona ikipigiliwa mbao.

Habari nyingi za pale nazijua kwa bibi jirani yangu, aliyevuka miaka themanini. Utotoni mwake watoto hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo walikaa kwenye ngazi ya mlango na soda na pakiti ya krispi wakiwasubiri baba zao. Ndani palikuwa na vyumba viwili: kimoja cha vibarua, chenye sakafu tupu, na kingine chenye zulia, ambako bia ileile iliuzwa ghali kidogo. Mchana kengele ikigongwa, watu walimaliza glasi zao wakatoka mpaka jioni. Desturi hiyo ilitokana na Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilipobana saa za kuuza pombe ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasilewe kazini. Vita viliisha 1918, lakini baa za England ziliendelea kufungwa mchana hadi 1988! Sheria pia ilitaka jina la mwenye leseni liandikwe juu ya mlango, na bibi anayakumbuka majina yote ya pale. Anayataja kwa mpangilio, kama mtu anayehesabu nasaba.

Kilichoziua baa hizi mnaweza kukikisia: bia ya bei rahisi dukani, kodi, gharama za umeme, kufungiwa kwa miezi kuanzia Machi 2020 wakati wa korona. Juu ya yote kuna thamani ya ardhi, kwa sababu jengo lilelile likigeuzwa nyumba za kuishi linaleta fedha nyingi zaidi. Mwanzoni mwa karne hii nchi ilikuwa na baa kama 60,000. Sasa hazifiki 50,000.

Lakini kuna moja iliyorudi, na nataka muijue. Carlton Tavern iko Kilburn, kaskazini magharibi mwa London. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, badala ya nyingine iliyopigwa bomu la Wajerumani katika vita ile ya kwanza. Vita ya pili ikabomoa mitaa ya jirani, yenyewe ikabaki imesimama. Wakazi waliposikia tetesi kwamba mwenye jengo ana mpango nalo, waliomba liwekwe kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Wataalamu wakaja, wakapiga picha, wakachukua nakala za plasta, wakaandika kila walichokiona. Aprili 2015, wiki ileile ya Pasaka, siku chache kabla ulinzi haujatangazwa, tingatinga likaingia bila kibali na kuigeuza kifusi.

Wakazi hawakukubali. Baraza la Westminster, yaani halmashauri inayosimamia eneo hilo, liliamuru ijengwe upya kama ilivyokuwa, tofali kwa tofali. Mwenye jengo akakata rufaa, na 2016 akashindwa. Aprili 2021 milango ikafunguliwa tena. Kila ninapoisoma habari hii nasimama palepale kwenye zile picha. Amri ya kujenga "kama ilivyokuwa" ingekuwa maneno matupu kama hakuna aliyejua ilikuwaje. Kigae kilikuwa cha rangi gani? Dari lilikuwa na maua mangapi? Mtu alikuwa ameshaandika.

Ya kwetu sijui kama itarudi. Sheria ya 2011 inawapa wakazi wa England nafasi ya kuomba baa itambuliwe kuwa mali ya jamii, na ikiuzwa wapewe muda wa kuchanga fedha. Wakazi wa Nunhead, kusini mwa London, walifanya hivyo kwa Ivy House wakaifungua wenyewe 2013. Sisi ndio kwanza tunaanza kukusanya sahihi, na mimi ni mmoja wa wanaogonga milango jioni kwenye baridi hii.

Siku ya Krismasi bibi atakuja kwangu, saa sita mchana, saa ileile ya kufunguliwa baa. Nimeweka kiti karibu na hita na nimechaji simu ya kumrekodia. Ameniambia tutaanza na mwenye leseni wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, yule aliyempa baba yake kazi ya kusafisha mabomba ya bia.

Nawatakia sikukuu ya amani na Mwaka Mpya wenye afya. Mtakaokutana na wazee wenu wiki hii, nisalimieni kila mmoja.

Wenu, mwenye kiti cha pembeni